Ubao wa Kilo Hamsini

Kariakoo, Machi 1995

Baba Zeina,

Salamu nakupa kwa sababu ya dini tu. Zeina hajambo, ameota meno mawili. Samani za Dubai zimejaa mjini, wateja wamemkimbia Fundi Mbwana wa Gerezani, ndiyo maana amekubali kuchonga huo ubao wako wa kutelezea mawimbini huko Durban.

Uliniagiza kwa simu nimuulize: kwa chini uwe na pezi moja au matatu? Akasema inategemea uzito wa mpandaji. Nikamtajia kama ulivyonitajia, kilo hamsini. Akacheka. "Kumbe ni wako, Mama Zeina! Mumeo anakupenda."

Muaz, wewe uliondoka hapa na kilo tisini. Mate yalinijaa mdomoni, nikatema palepale kwenye maranda. Yaani mimi mkeo ndiye wa kumchagulia hawara yako mapezi!

Mimi na Zeina tunahamia leo kwa baba, Buguruni. Ubao utaletewa. Fundi anasema ubao usio na pezi haushiki njia, unazunguka tu mpaka umtupe aliye juu yake. Nimemwambia asiweke hata moja.

Rasha binti Humoud