Neno Moja la Signora Carmela

Saint Paul, Minnesota
6 Oktoba 1996

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na mvua zimeanza huko Bukoba? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imeshaanza na bado navaa sweta ile ya shule.

Nimehama bwenini. Sasa naishi kwa bibi mmoja Mwitaliano, Signora Carmela, upande wa mashariki wa mji. Ilikuwa hivi. Chuo kinataka kila mwanafunzi asome lugha ya kigeni. Kiswahili hawakukikubali kwa kuwa ni changu, Kiingereza kwa kuwa ni chao, nami nikachukua Kiitaliano kwa sababu kipindi chake hakigongani na cha kemia. Mwezi Juni huyu bibi akapatwa na kiharusi. Mguu ulipona, lakini Kiingereza alichokisema zaidi ya miaka hamsini kilimtoka chote, akabaki na Kiitaliano cha utotoni. Binti yake Margaret, anayekaa Golden Valley, hakijui. Baba yao alikataza watoto wasifundishwe. Padri wa parokia akamwambia kwamba kuna Mtanzania anakisoma. Ndipo nikapewa chumba cha juu, nami namsaidia bibi kuoga, kupika, na kuwa na mtu wa kuongea naye.

Asubuhi tunakunywa kahawa kali kama dawa. Nikikosea neno anagonga meza kwa kijiko mpaka nilirudie sawasawa. Jana tulimenya vitunguu huku akinisimulia habari za kaka yake. Nilishika nusu; nusu nyingine niliitikia kwa kichwa, naye akaridhika. Margaret alikuwa mlangoni anatusikiliza. Akasema, "Dativa, utafikiri umezaliwa nayo lugha hii." Nilicheka tu, sikumsahihisha.

Wasalimie wote. Nakukumbuka sana.

Binti yako,
Dativa

*

Bukoba
1 Novemba 1996

Mwanangu Dativa,

Marahaba. Barua yako imenikuta salama, goti linauma usiku tu. Nimefurahi kwamba unaishi na mtu mzima na si vijana wa bweni. Mwoshe vizuri huyo bibi, maji yasiwe ya moto sana, ngozi ya mzee ni nyepesi. Na akiongea msikilize hata kama amerudia habari ileile. Wazee hawataki zaidi ya hapo.

Nunua koti. Usiniandikie tena habari za sweta.

Mama yako,
Ernestina

*

Saint Paul
24 Novemba 1996

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Koti nimepata, zito kama godoro.

Nina habari kubwa. Jumapili Margaret alikuja tukakaa mezani sisi watatu. Alisema daktari anaona bibi asikae tena kwenye nyumba yenye ngazi, na yeye amepata nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Crystal, karibu na kwake. Lakini hataki kumlazimisha. Akaniambia, "Mwulize kama angependa kubaki hapa."

Nikamwuliza kwa Kiitaliano, na sentensi yangu haikuwa na kosa hata moja. Signora akanishika mkono akasema, "Magari." Usicheke, si magari ya kupanda. Kwao maana yake ni labda. Nikamwambia Margaret: anasema labda, kwake yote sawa. Margaret alinikumbatia akalia. Akasema bila mimi wasingejua la kufanya.

Mwezi ujao bibi atahamia Crystal na nyumba itauzwa. Mimi nitahamia Brooklyn Center kwa dada mmoja Mkenya anaitwa Peris, anayefanya kazi kwenye hiyohiyo nyumba ya wazee. Kwa hiyo nitakuwa naenda kumwona.

Binti yako,
Dativa

*

Bukoba
20 Desemba 1996

Mwanangu,

Heri ya Noeli. Huku tuko wazima, ndizi zimekubali mwaka huu.

Barua yako niliisoma mbele ya kina mama wa jumuiya siku ya Jumatano. Nilipofika pale Wazungu wanaposhindwa kumwelewa mama yao wenyewe na wewe unawafasiria, wakanisimamisha niisome tena. Mama Jedidah, ambaye unajua hasifii mtoto wa mtu, alisema nimezaa mtu. Nilirudi nyumbani sihisi goti.

Baba yako angekuwepo angesema machache, lakini angetembea mji mzima siku hiyo.

Utuandikie kingine tukisome.

Mama yako,
Ernestina

*

Bukoba
16 Februari 1997

Dativa mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, lakini moyo haujatulia. Tangu Noeli sijapata hata kadi. Kina mama wananiuliza, nasema posta. Je, ni posta? Kama unaumwa sema. Kama ni mambo ya wanaume pia sema, sitakupigia kelele.

Mama yako

*

Brooklyn Center
9 Machi 1997

Mama,

Shikamoo. Siumwi, na si mambo ya wanaume. Barua yako ya Noeli ilinifikia katikati ya Januari. Niliisoma mara moja nikaifunika chini ya nguo, nikashindwa kuijibu.

Wiki hiyohiyo, darasani, mwalimu alimwuliza kijana mmoja kama angependa kuwa Napoli badala ya kwenye theluji hii. Kijana akajibu kwa neno la kawaida la labda. Mwalimu akasema hapana, ukiulizwa hivyo, Mwitaliano husema magari. Akaeleza. Katikati ya sentensi linaweza kuwa labda. Lakini mtu akikuuliza kama ungependa kitu, nawe ukalijibu hilo peke yake, maana yake ni laiti. Laiti ingewezekana, natamani kwa moyo wangu wote.

Mama, nilimwuliza Signora kama angependa kubaki nyumbani kwake, akanijibu laiti.

Na kuna ambalo sikukuandikia. Hakusema neno hilo peke yake. Baada ya hapo alisema mengi, haraka, huku amenikazia mkono, na machozi yalimtoka. Sikushika hata moja ya maneno hayo. Margaret aliniuliza, "Una hakika?" Nilikuwa nimekaa mezani kwao nimesifiwa miezi mitatu. Niliona aibu kusema sijui. Nikasema ndiyo.

Siku ya kumhamisha alishika mlango. Tulifikiri ni woga wa theluji.

Nimekwenda Crystal mara moja tu. Aliponiona aliniuliza kwa Kiitaliano, polepole kama unavyomwuliza mtoto, kwa nini sikuwaambia. Nilisema nina mtihani nikaondoka. Juzi Peris alirudi kutoka kazini akaniambia, "Huyo mama yako wa Italy ana-refuse chakula. Si uende umwongeleshe, wewe ndiye anakuskia." Nikamwambia nitaenda. Sikwenda.

Margaret bado ananipigia simu kunishukuru. Kila akishukuru natamani ardhi inimeze, na bado simwambii.

Usiwasomee kina mama barua hii.

Dativa

*

Bukoba
30 Machi 1997

Dativa,

Barua yako nimeisoma peke yangu jikoni. Kina mama wameuliza, nimesema hujambo na unasoma. Mama Jedidah alinitazama, nami nikatazama chini. Kwa hiyo na mimi nina fungu langu la aibu hiyo, maana ni mimi niliyekufanya mkubwa mbele za watu wakati bado unajifunza.

Lakini sikiliza. Kutokujua neno si kosa, ungeweza kulikosea hata baada ya miaka kumi. Kosa ni ile ndiyo uliyosema ulipoulizwa kama una hakika. Na tangu Januari unaisema upya kila simu inapolia.

Umeniambia mimi, ambaye siwezi kufanya lolote. Anayestahili kuambiwa yuko Golden Valley, na mwingine yuko Crystal hali chakula. Usinijibu barua hii kabla hujawaona wote wawili.

Mama yako,
Ernestina

*

Brooklyn Center
27 Aprili 1997

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini umeshinda vizuri na goti linakupa nafuu. Huku theluji imekwisha, imebaki tope. Nimewaona wote wawili, kwa hiyo nakuandikia.

Nilimpigia Margaret nikamwomba anipeleke Crystal. Alipoegesha gari mbele ya ile nyumba ya wazee nikamwambia kabla hajafungua mlango. Nilimweleza lile neno na maana yake, na yale mengine ambayo sikuyashika, na kwamba niliposema nina hakika sikuwa nayo. Nilingoja anifokee.

Alizima injini. Kisha akasema, "Nilijua."

Sikuelewa. Akaendelea, bila kunitazama. "Kiitaliano sikijui, lakini hilo neno nimelisikia jikoni utoto wangu wote. Tukimwuliza kama angependa kuwaona ndugu zake tena, anasema magari. Baba alipolazwa, majirani walimwuliza kama anaendelea vizuri, akasema magari. Siku ile nilijua alichosema kabla hujafungua mdomo."

"Basi kwa nini uliniuliza kama nina hakika?"

"Nilitaka mtu anayejua aseme kingine," akasema. "Nawe ukasema."

Mama, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Niliona aibu upya, safari hii kwa ajili yetu wote wawili, na sikuweza kumlaumu, maana kama ningesema sijui, angelazimika kusema yeye. Nilimwuliza kama anaweza kumrudisha nyumbani. Alisema wenye nyumba wapya walihamia Februari, na ngazi ni zilezile, na yeye anafanya kazi mchana kutwa. Yote ni kweli. Alikuwa akilia alipoyasema.

Tukaingia. Signora amekonda, vidole vimebaki kama penseli. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha kwa Kiitaliano. Nilisema kwamba siku ile nilielewa vibaya, na kwamba nilidai nimeelewa wakati sijaelewa. Nilikosea vitenzi viwili na sikujali. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Peris alikuwa ameniambia kwamba siku hizi Signora amepata tena maneno mawili ya Kiingereza. Huwaambia hayo wanaombadilishia shuka, na anayemletea vidonge, ili watoke upesi. Nilipomaliza alinipapasa mkono kidogo, akatazama dirishani, akasema kwa Kiingereza, "Thank you."

Tangu nimjue hajawahi kuniambia neno ambalo si la lugha yake.

Sikutoka. Nilivuta kiti. Margaret, aliyekuwa amesimama kizingitini na koti lake mwilini, naye akaja akakaa upande wa pili wa kitanda. Wakaleta supu. Nilimwinulia kijiko, akakinywa, kisha cha pili, macho bado dirishani. Tuliendelea hivyo mpaka supu ikaisha.

Binti yako,
Dativa