Viatu vya Karani wa Bima

Mjukuu wangu,

Marahaba, ingawa umenizidi umri. Ubibi wangu ni wa ukoo tu. Huku Lituhi mwanangu ameota jino.

Unauliza kama tuiuze mashua ya babu yako, maana haina karatasi mpya ya ukaguzi, na bila bima wenye kahawa hawapakii. Hatuuzi!

Mwaka nilioolewa, karani wa bima aliikuta imeanikwa juani, nyufa wazi. "Mama, hizi ni kuni." Tukaizamisha siku tatu mbao zivimbe, nikamwita tena. "Panda na viatu vyako, bwana. Vikilowa, tutaichoma." Tukazunguka ghuba nzima. Aliposhuka, viatu vilikuwa bado na vumbi la barabarani. Akaandika bima.

Mwambie karani wa huko Songea aje na viatu vyake vizuri. Kasia nitapiga mimi.

Bibi yako mdogo