Bibi wa Kasulu Aliyezaliwa Korona

Babu yangu, shikamoo!

Kasulu kuna ukungu na baridi ya kuvaa sweta mchana, lakini leo nimecheka hadi jasho limenitoka. Sokoni, bibi mmoja muuza maharage kaniuliza kwetu wapi. Nilipomtajia kijiji chetu cha pwani ya Tanga, akapiga makofi: "Mwanangu wee! Mimi nimezaliwa korona!" Vijana wakaruka nyuma, mmoja akaziba pua kwa kola. Wangejuaje kwamba kwetu korona ni kiwanda cha mkonge? Baba yake alitoka huku Kasulu kwenda huko kwetu kukata mkonge, naye akakulia kambini, kando ya reli.

Kanikalisha, kanilisha ugali wa muhogo na samaki wa migebuka. Kisha akauliza: "Yule dereva wa garimoshi la mkonge, aliyekuwa akinipigia honi nikicheza relini, bado yupo?"

"Ndiye babu yangu."

Alinikumbatia mpaka kilemba chake kikaanguka. Nikamwambia reli ziling'olewa zote, wala hakutaka kusikia.

Kula ushibe, Babu, maharage yako nakuletea. Na bibi kasema nikuandikie hivi: "Apite tu, mimi nimeshatoka relini."

Mjukuu wako,
Saumu