Yule wa Mbele

Akheri, Jumanne

Mpendwa mke wangu Aika,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku ni wazima, na ndama wako ameanza kula majani. Wageni wa baiskeli wameongezeka. Nawapitisha ile njia ya changarawe isiyopita magari, tunashuka bonde la mto na kupanda vilima vya msitu, nao wanafurahi kama watoto.

Jumamosi, kwenye mteremko wa mtoni, tulikutana na mama yako. Alikuwa peku, kichwani mzigo wa majani ya ng'ombe, tope hadi magotini. Unajua mkwe hapitwi hivi hivi, lazima ushuke baiskeli umwamkie. Akajibana kwenye migomba kutupisha, akasema, "Karibuni, wageni." Mimi nilikuwa na helmeti na miwani myeusi. Aika, nilimwonea aibu mbele ya wale Wazungu. Nikapiga kengele, nikapita.

Jioni akaja kwetu na ndizi. "Baba Naisula, leo nimepishana na Wazungu wa baiskeli. Yule wa mbele mweusi kama sisi, namkaribisha, kimya! Maskini, huyo hana mkwe."

Watoto wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini sala ya chakula ilinishinda, nikamwachia Naisula.

Kesho nakwenda kwake kwa miguu, kwa njia ile ile. Nitavaa helmeti na miwani, ili nikifika mlangoni anijue kabla sijafungua mdomo.

Niombee, mama.

Mumeo,
Ebenezer