Samaki Waliolowa Mbele Yangu

Bibi, shikamoo huko Chiwanda,

Niko Bolivia, natembea na begi mgongoni kwa hela ndogo, kando ya ziwa lenye baridi kali. Jana mvua ilishuka ghafla juu ya samaki wadogo, kama usipa wetu, ambao mama mmoja alikuwa amewaanika. Kwetu hata mpita njia huanua bila kuambiwa. Mimi niliogopa kuitwa mwizi, nikasubiri ruhusa kama niko ofisini.

"Wewe mrefu, hiyo mikono ni ya mapambo?" alinifokea kwa Kihispania. Nilipoinama kuwaanua, samaki wengi walikuwa wameshalowa.

Jioni aliwakaanga hao, maana hawauziki tena, akaniita nile. Nilikula, Bibi, kisha nikaosha vyombo bila kuambiwa.

Mungu akuwekee karibu watu wepesi wa kusaidia kuliko mimi.

Mjukuu wako,
Osmund