Pini Iliyobaki Mfukoni

Mpendwa Mama Marigu, mama mkwe wangu,

Najua mkwe hamwandikii mama mkwe barua ya namna hii. Ungekuwa hai ningemwambia Marigu akuambie, nawe ungemwambia Marigu anijibu, na kila mtu angebaki na heshima yake. Lakini Marigu hayupo. Ana wiki mbili huko kwako Gachoka, na nikimpigia simu ananijibu "ndio" na "hapana" tu. Kwa hiyo nimeketi hapa Ruiri kwenye meza ya chakula, nikuambie mwenyewe.

Unakumbuka tulivyokuwa mwanzoni? Ukija kututembelea ulikula jikoni na watoto, mimi nikala sebuleni peke yangu kama askari wa zamu. Tukikutana mlangoni, mmoja wetu alirudi nyuma. Uliokoka ukiwa msichana, na kanisa lilishasema zamani kwamba mambo hayo ya wakwe yamepitwa na wakati, ila miguu yako haikuwa imesikia hayo mahubiri, wala yangu. "Baba Makena ako?" ulikuwa ukimwuliza Marigu, na mimi niko hatua tatu kutoka hapo, nimejificha nyuma ya gazeti.

Gari ndilo lililotuzungumzisha. Lile langu kuukuu, nililomwachia fundi wa mjini wiki nzima likarudi na shoki, vile vyuma vya kupunguza mtikisiko, za gari la mtu mwingine, zilizochakaa kuliko zangu. Siku hiyo niliapa hakuna atakayeligusa tena. Nilitafuta jeki, spana na kitabu chenye picha, na kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana nililala chali juu ya gunia mbele ya nyumba, nikijifunza kwa kukosea. Mara ya kwanza niliweka springi mbili zisizolingana, gari likainama upande mmoja, na waumini wakaliangalia likiingia kanisani wakasahau kuimba. Barabara ya Ruiri miaka ile ilikuwa mashimo matupu, kwa hiyo sikukosa kazi.

Jumamosi moja ulitoka na sinia la ndengu ulizotuletea kutoka kwako, ukaweka kigoda kando ya tangi la maji uzichambue. Ndipo ukaona miguu yangu imechomoza chini ya gari. Nikajua utakimbia. Badala yake uligeuza kigoda, ukalipa gari mgongo, ukaketi. Mawe ya ndengu yalidondoka chini moja moja kwa muda mrefu.

"Baba Makena," ulisema mwishowe, "hiyo gari iko na ugonjwa gani?"

Nilikaribia kugonga kichwa. "Ni bushi, mama. Zimeisha."

"Bushi ni nini?"

"Ni raba tu. Inakaa katikati ya chuma na chuma, ndio zisigongane."

Nikasikia ukicheka. "Basi bushi ni kama Marigu."

Nilicheka mpaka vumbi likaniingia mdomoni. Tangu siku hiyo tulipata mahali petu. Mimi chini ya gari, wewe umenipa mgongo, hakuna aliyeona uso wa mwenzake, na mila haikuwa na la kutushtaki. Uliongea Kimbeere chako, nami Kimeru changu, na palipopungua tulijaza kwa Kiswahili. Ulinisimulia mwaka wa njaa, na mbuzi wa marehemu mzee waliokuwa wakimfuata mpaka mlango wa kanisa. Mimi nilikuambia jinsi mama yangu alivyokufa nikiwa darasa la nne, jambo ambalo hata Marigu nilikuwa nimempa nusu tu. "Pole, baba," ulisema, na hukuongeza neno, na nilikushukuru kwa hilo.

Tena nikuungamie jambo dogo kabla ya lile kubwa. Kuna Jumamosi nyingi ambazo gari halikuwa na ubovu wowote. Nilipiga jeki kwa sababu ulikuwa umekuja. Marigu alishangaa ni gari gani hili linaugua kila mama akifika.

Sasa lile kubwa. Jumamosi ile ya mwisho, kiungo cha gurudumu la mbele kushoto, kile mafundi wanachokiita boljointi, kilikuwa kimelegea. Nilikuwa nimeahidi kukurudisha Gachoka Jumatatu, na sikutaka kukupeleka na kitu kibovu. Niling'oa cha zamani, nikaingiza kipya, nikakaza nati kwa nguvu zangu zote. Ilibaki pini. Ni kitu chembamba kama kijiti cha kiberiti, unakipitisha kwenye tundu na kukikunja, ili nati isije ikajifungua yenyewe barabarani. Nilikuwa nimeiweka kwenye mfuko wa shati isipotee mchangani. Mkono wangu ulikuwa tayari umeelekea mfukoni wewe ulipoanza kusema.

"Baba Makena, iko neno sijawahi kuambia."

"Nakusikia, mama."

"Ukikuja kuposa, ni mimi nilikataa. Si mzee. Mzee alikupenda. Mimi nilisema huyu Mmeru atapeleka mtoto yangu mbali na sitamuona tena. Nikasema hata alete ng'ombe zote za Ruiri. Nililia kwa Mungu miaka mingi sana kwa kuninyima kijana. Na siku alinitumia, nikamfungia mlango. Nimekuwa mjinga, mwanangu."

Mtu akilia amelala chali, machozi humwingia masikioni, na mikono yangu ilikuwa imejaa grisi. Tangu darasa la nne hakuna mwanamke aliyekuwa ameniita mwana namna ile. Kisha Marigu akaita kwamba chai iko tayari. Uliinuka haraka nisije nikatoka na kukukuta pale. Nikarudisha gurudumu, nikashusha gari, nikaenda kunawa nikipiga mluzi. Nilikuwa na furaha, mama, hiyo ndiyo kweli, na katika furaha hiyo sikukumbuka mfuko wangu hata mara moja.

Jumatatu tuliondoka asubuhi. Ulikaa nyuma na Marigu, maana kukaa mbele kando yangu ulisema ni kutafuta laana uzeeni. Tulipita Chuka salama. Kwenye mteremko wa kwenda Mto Thuci usukani ulianza kutetemeka, kisha kitu kikachomoka chini yangu, gurudumu la kushoto likalala ndani, na gari likatuvuta mtaroni likagonga ukingo kwa upande wako. Mimi sikupata hata mkwaruzo. Marigu alichubuka mkono. Wewe nyonga ilivunjika, na hukupiga kelele. Uliuliza tu, "Marigu ako wapi?" na Marigu alikuwa amekushika.

Kila mtu alipata wa kulaumu. Wengine barabara, wengine uzee wa gari. Mchungaji alisema tushukuru tuko hai. Siku ya tatu nilirudi Ruiri kubadilisha nguo. Nilipookota lile shati la kazi ili nililoweke, kitu kilinichoma kidole. Nilisimama na ile pini mkononi mpaka maji ya beseni yakapoa. Halafu nikaenda nikaitupa chooni, nikafua shati.

Hukutembea tena. Miaka minne ulilala Gachoka, kitanda kimesogezwa dirishani uone njia. Mimi nilikuja Krismasi na Pasaka. Mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe, na hakuna hata mmoja aliyetarajia niingie, kwa hiyo Marigu aliniwekea kiti nje, chini ya dirisha lako. Ukuta katikati yetu, hakuna aliyeona uso wa mwenzake. Mtu asingeweza kunipangia mahali bora zaidi pa kusema.

"Baba Makena, gari ilipona?"

"Ilipona, mama."

"Bado unaitengeneza mwenyewe?"

"Hapana. Siku hizi ni fundi."

"Aah." Kitanda kililia kidogo. "Na siku hizi hauna maneno."

Nikasema ni uchovu wa safari. Nikakuaga, nikaenda kukaa na wanaume. Kila safari nilijiambia nitakueleza ijayo, na kila safari nilipata sababu. Nilikuwa nikiita jambo hilo heshima. Ulikuwa woga, na niliufuga vizuri sana. Tulipokuzika nilibeba jeneza mbele, kwa kuwa hukuwa na mtoto wa kiume, na watu wakanong'ona kwamba mkwe kama huyu hapatikani siku hizi. Nilitamani shimo lile liwe langu.

Nisingesema hata leo, kama si Makena. Mjukuu wako sasa anafanya kazi ya ofisi Embu na ana gari lake. Alikuja nyumbani mwezi huu na bushi mpya kwenye karatasi. "Baba, nifunze," akasema. "Mafundi wa huko wananibeba ujinga, wananidanganya." Nilifurahi. Nilipiga jeki, nikatandika gunia, nikaingia chini. Makena akaanza kunisimulia habari za kazini kwake, na spana ikanitoka mkononi ikaniangukia kifuani. Sikuweza kuishika tena. Nilimwambia anyamaze, tena kwa ukali, mtoto ambaye hakuwa amekosa lolote.

Alimwita mama yake. Marigu akaja akasimama juu yangu, akauliza, "Ni nini?" Nikatoka nikamwambia yote, pini, shati, choo, nikiwa bado nimeketi mchangani.

Alikaa kwenye ngazi. Nilingoja alie au anitukane. Akasema, "Mama alijua kuna kitu ulisahau."

"Alijua?"

"Alisema ni yeye alikusahaulisha. Alikuongelesha ukiwa katikati ya kazi. Kila ukikuja alikuwa anataka kukuomba msamaha, anaogopa. Alidhani ndio sababu umeacha kumwongelesha." Marigu alikuwa akiangalia mikono yake. "Mwisho akaniambia nikuombe msamaha mimi, kwa niaba yake. Nikamwambia hayo ni mawazo ya ugonjwa, anyamaze. Nilimnyamazisha, Baba Makena. Na wewe ulikuwa hapo nje kwa kiti."

Kesho yake alifunga mzigo mdogo akaja huko kwako. Anasema anapalilia kaburi. Sijui atarudi lini, na sina uso wa kumwuliza.

Tangu hapo nafikiria kitu kimoja tu. Nyonga yako nisingeweza kuirudisha. Lakini ile lawama uliyojibebesha, ukalala nayo miaka minne ukiangalia njia, ningeitua kwa sentensi moja kupitia dirishani. Ulikuwa ndani unatafuta namna ya kuniomba msamaha, nami niko nje nahesabu dakika za kuaga. Ulikufa ukidhani nilikukasirikia.

Siombi msamaha kwenye karatasi. Nitakuja Gachoka mwenyewe Jumamosi hii, Marigu akinitaka au asiponitaka, nami nitaisoma barua hii kwa sauti hapo ulipo, hata kama majirani watasema mkwe amerukwa na akili. Hukunikatiza kazi, mama. Ulikuwa unaniambia maneno ambayo sijawahi kuambiwa na mtu mwingine, na ningelala chini ya gari lile siku nzima nikiyasikiliza. Pini ilikuwa mfukoni kwangu. Mikono ilikuwa yangu. Nilipaswa kukuambia ukiwa unasikia.

Mkweo,
Baba Makena