Skonzi za Laurenti

Kipatimu, Agosti 1946

Dada yangu Brigita,

Shikamoo. Huku tu wazima. Mapera yamezaa sana, na ile sukari uliyotuma nimepikia jamu. Mama mkwe hutaka nioke skonzi kila Jumamosi, makaa chini ya sufuria na mengine juu ya kifuniko, jamu katikati, kama alivyozipenda mume wangu Laurenti kabla ya kwenda vitani Burma. Sahani ya Laurenti mama huiandaa mwenyewe, maana bado anamngojea arudi.

Jumamosi moja alikuja Mfaume, mtu wa Kivinje aliyekuwa naye jeshini. Alinieleza jikoni, kwa sauti ya chini, kwamba alimzika Laurenti kwa mikono yake. Kabla sijalia, mama mkwe, ambaye siku hizi haoni vizuri, alisikia sauti ya mwanamume, akaingia akipapasa ukuta.

"Laurenti? Mbona umekawia hivyo, mwanangu?"

Mfaume alinitazama. Nikamsogezea kiti.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, baba. Kaa ule."

Akala skonzi zote za ile sahani huku machozi yakimtoka.

Tangu hapo hajarudi Kivinje. Amepanga chumba karibu na soko, na kila Jumamosi anakuja kula. Mama mkwe amenawiri, nami sina moyo wa kumwambia ukweli. Lakini dada, jana nilitoka uani kumwita Mfaume anywe chai, na jina lililonitoka ni Laurenti. Aliitika, nami sikujisahihisha.

Usimwambie baba. Niombee.

Mdogo wako,
Genoveva